BF4, PF6, NTf2 au aseteti: kimiminika kipi cha ioni kinafaa kazi yako?

Anayetaka kununua kimiminika cha ioni, yaani chumvi inayoyeyuka bila joto kubwa, kwa mara ya kwanza hukutana na orodha ndefu ya majina yanayofanana: BMIM, EMIM, HMIM, kisha BF4, PF6, NTf2, OAc. Bei zinapishana sana, na kila muuzaji anasifia bidhaa yake kwa maneno yaleyale: haitoi mvuke, haishiki moto kirahisi, inastahimili joto. Sifa hizo hazimsaidii mtu kuchagua kwa sababu karibu vimiminika vyote hivi vinazo kwa kiasi fulani. Kinachotenganisha chupa moja na nyingine ni anioni (ioni hasi) iliyomo, na jinsi kimiminika chenyewe kinavyokaa na maji. Ukiyajua hayo mawili, nusu ya orodha utaifuta siku hiyohiyo.

Nalinganisha hapa vimiminika vinne ambavyo mwanafunzi wa kemia au uhandisi wa kemikali atakutana navyo mapema. Vitatu vina kationi (ioni chanya) moja, 1-butili-3-methilimidazoliamu, yaani BMIM, ila anioni zake ni tofauti: tetrafloroboreti (BF4), heksaflorofosfeti (PF6) na bisi(trifloromethilisulfonili)imidi, ambayo kila mtu huiita NTf2. Cha nne ni aseteti ya 1-ethili-3-methilimidazoliamu, EMIM-OAc. Mwishoni nitagusia mchanganyiko wa bei nafuu wa kolini kloridi na urea. Huo si kimiminika cha ioni kwa maana kamili, lakini kwa maabara nyingi ndio utakaonunulika.

Kwa nini chumvi hizi hazigandi

Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Ukiiondoa sodiamu na kuweka BMIM mahali pake, ukaacha kloridi ilivyo, joto la kuyeyuka hushuka hadi kati ya 65 na 70 hivi. Ukiiondoa na kloridi na kuweka NTf2, hushuka tena hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri. Kote huko bado tunazungumzia chumvi, ioni chanya na ioni hasi, bila molekuli hata moja ya kiyeyushi.

Joto la kuyeyuka ni pale ambapo nishati huru ya fuwele na ya kimiminika zinalingana. Kwa hesabu, ni enthalpi ya kuyeyuka ikigawanywa kwa entropi ya kuyeyuka. Kwa hiyo njia za kulishusha ni mbili: kulegeza mvutano unaoishikilia fuwele, au kuongeza uhuru ambao ioni zinaupata fuwele inapovunjika. NTf2 hufanya yote mawili. Chaji yake hasi haikukaa mahali pamoja. Imetandazwa kwenye naitrojeni, salfa mbili na oksijeni nne, hivyo kationi haipati sehemu moja ya kung'ang'ania. Tena anioni hiyo hujikunja kwa maumbo mawili ambayo nishati zake zinakaribiana sana, na mnyororo wa butili kwenye kationi nao una maumbo yake kadhaa. Machungwa hupangika vizuri kwenye fungu sokoni. Matawi ya mchungwa hayapangiki hivyo, na ioni hizi ni matawi.

Urefu wa mnyororo nao una neno lake. Katika familia ya BF4 na PF6, kurefusha mnyororo kutoka kaboni moja au mbili kwanza kunashusha joto la kuyeyuka, kwa sababu ulinganifu unavunjika. EMIM-PF6 huyeyuka karibu nyuzi 60, BMIM-PF6 karibu 10. Lakini mnyororo ukizidi kuwa mrefu, mikia yenyewe inaanza kukaa pamoja na joto la kuyeyuka linapanda tena. Kwa BF4, kuanzia kaboni 12 hivi unapata fuwele za kimiminika, hali iliyo kati ya fuwele na kimiminika. Mwaka 2006 José Canongia Lopes na Agílio Pádua walionesha kwa uigaji wa kompyuta kwamba mgawanyiko huu unaanza mapema kuliko ilivyodhaniwa: hata kwenye mnyororo wa kaboni nne, ndani ya kimiminika kinachoonekana sare machoni, mna mtandao wa ioni upande mmoja na visiwa vya mikia ya mafuta upande mwingine. Jambo hilo linaeleza kwa nini kimiminika kimoja kinaweza kuyeyusha chumvi na pia kuyeyusha benzeni kwa wingi: kila kinachoingia hupata sehemu yake ya kukaa.

Takwimu kwa pamoja

Namba hizi ni za nyuzi 25 na ni za kukadiria. Usafi na ukavu wa sampuli huzisogeza, hasa mnato.

| | BMIM-BF4 | BMIM-PF6 | BMIM-NTf2 | EMIM-OAc |
|---|---|---|---|---|
| Uzito wa moli (g) | 226 | 284 | 419 | 170 |
| Msongamano (g/mL) | 1.20 | 1.37 | 1.44 | 1.10 |
| Mnato (mPa·s) | 105 | 270 | 50 | 100–160 |
| Kuganda (°C) | kioo, karibu −85 | karibu 10 | karibu −3 | hakigandi joto la chumba |
| Maji | huchanganyika kabisa juu ya 5 °C | hupokea 2.3% kwa uzito | hupokea 1.4% kwa uzito | huchanganyika kabisa |
| Kigezo cha Henry cha CO2, yaani kabonidayoksaidi (bar; kikiwa kidogo, gesi huingia zaidi) | 59 | 53 | 33 | mmenyuko wa kemikali |

Kuhusu mstari wa kuganda: BMIM-BF4 kwa kawaida haigeuki fuwele kabisa. Ukiipoza inazidi kuwa nzito hadi inakuwa kioo. Ukiona katalogi inayotaja "joto la kuyeyuka" la nyuzi −80 na kitu kwa BMIM-BF4, namba hiyo ni ya kugeuka kioo, na huwezi kuiingiza kwenye hesabu za msawazo wa kigumu na kimiminika. BMIM-PF6 nayo huweza kubaki kimiminika kwa muda mrefu chini ya joto lake la kuyeyuka. Mtu anayechora mchoro wa kuganda kwa kupoza peke yake atapata namba za chini kuliko ukweli. Pasha polepole, soma kuyeyuka.

Maji ndiyo yanayoamua

Mwaka 1914 Paul Walden alieleza ethiliamoniamu naitreti, chumvi inayoyeyuka karibu nyuzi 12. Miongo mingi baadaye vimiminika vya ioni vilivyotumika zaidi vilikuwa vya alumini kloridi, ambavyo vinaharibika vikigusana na unyevu wa hewani. Mlango ulifunguka mwaka 1992, John Wilkes na Michael Zaworotko walipochapisha chumvi za imidazoliamu zinazostahimili hewa na maji, BF4 ikiwa mojawapo. Neno "zinazostahimili" limebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake tangu siku hiyo. Kimiminika kinaweza kustahimili maji kwa maana ya kutolipuka wala kuharibika papo hapo, na bado tabia yake yote ikabadilishwa na maji hayo.

Anza na BMIM-BF4. Juu ya nyuzi 5 hivi inachanganyika na maji kwa uwiano wowote. Chini ya hapo, kwenye mchanganyiko wenye maji mengi, hugawanyika matabaka mawili. Kilele cha mgawanyiko kiko karibu nyuzi 4.5, pale ambapo maji ni zaidi ya asilimia 90 ya moli zote. Kwa hiyo chupa iliyo sare mezani inaweza kuwa na matabaka mawili ukiitoa kwenye friji. Ukirefusha mnyororo kutoka kaboni nne hadi sita, kilele hicho kinapanda juu ya joto la chumba, na HMIM-BF4 inatengana na maji hapo hapo mezani. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumfundishia mwanafunzi maana ya kilele cha joto la kuchanganyika, yaani joto ambalo juu yake vimiminika viwili havitengani tena, maana kaboni mbili tu zimelisogeza jambo zima kutoka kwenye friji hadi juu ya joto la mikono yetu.

PF6 na NTf2 zinaitwa "zisizopenda maji". Hapo ndipo wengi wanapopotea. BMIM-NTf2 ikishiba maji hubeba asilimia 1.4 tu kwa uzito, na mtu akiona namba hiyo anaona ni uchafu wa kupuuzwa. Ihesabu kwa moli. Kwenye gramu 1,000 za kimiminika hicho kilichoshiba kuna gramu 14 za maji, yaani moli 0.78, na moli 2.35 za chumvi. Ni molekuli moja ya maji kwa kila jozi tatu za ioni! Sehemu ya moli ya maji ni karibu 0.25. Kimiminika ambacho robo ya chembe zake ni maji hakiwezi kuwa na mnato wa kile kilichokauka, wala kuyeyusha gesi kwa kiasi kilekile.

Kwa anayefanya kazi Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 75, suala hili linaanza mara tu kizibo kinapofunguliwa. Chupa ya EMIM-OAc iliyoachwa wazi mezani hunywa maji kutoka hewani kwa kasi na haina kikomo cha karibu, kwa kuwa inachanganyika nayo kabisa. NTf2 ina nafuu kubwa hapa. Inafika kwenye kikomo chake na kusimama, na kuikausha tena kwa ombwe na joto la wastani kwa saa kadhaa kunatosha. Mtu wa pwani akiniuliza anunue kipi ajifunzie vipimo, jibu langu ni NTf2, na sababu ya kwanza ni hii.

Kuna jambo moja la PF6 ambalo napenda kila mwanafunzi wa themodinamiki alione kwa macho. BMIM-PF6 na maji huchanganyika kwa sehemu tu. BMIM-PF6 na ethanoli kwenye joto la chumba navyo huchanganyika kwa sehemu tu. Lakini ethanoli na maji vikichanganywa pamoja, sehemu ya moli ya ethanoli ikiwa takriban 0.5 hadi 0.9, mchanganyiko huo unaimeza BMIM-PF6 yote na tabaka linabaki moja. Kundi la Robin Rogers, Chuo Kikuu cha Alabama, lililichapisha hilo mwaka 2001. Viyeyushi viwili dhaifu vimefanya kiyeyushi kimoja chenye nguvu, kwa sababu maji huhudumia sehemu ya ioni na ethanoli huhudumia mikia. Modeli yoyote ya kukokotoa msawazo ikishindwa kulionesha hilo, nina shaka nayo hata kama inapatana na data nyingine zote.

PF6: usiinunue kwa sababu ya umaarufu wake

BMIM-PF6 imeandikwa sana. Ndiyo iliyotumika mwaka 1999 wakati Lynnette Blanchard, Joan Brennecke na wenzao walipoonesha kwamba kabonidayoksaidi chini ya kanieneo kubwa huingia kwenye kimiminika cha ioni hadi sehemu ya moli 0.6, ilhali kimiminika chenyewe hakiingii kwenye gesi hata kwa kiasi cha kupimika. Ugunduzi huo ni mzuri mno. Unaweza kusafisha bidhaa kutoka kwenye kimiminika kwa gesi bila kupoteza tone la kimiminika. Lakini wingi wa makala juu ya PF6 si sababu ya kuichagua leo.

Anioni hii huvunjwa na maji, hasa kukiwa na joto au asidi, na moja ya mazao yake ni haidrojeni floridi. Gesi hiyo inakula kioo cha vyombo, inapenya ngozi, na madhara yake mwilini yanaweza kuchelewa kuonekana. Hilo lilithibitishwa na kuandikwa waziwazi mwaka 2003. BF4 nayo huvunjika kwa njia hiyo. Kwa vile BF4 huchanganyika na maji kabisa, hatari yake inafichika zaidi: hakuna tabaka la pili la kukukumbusha kwamba maji yamo. Kama maabara yako haina chemba nzuri ya kutolea hewa na huduma ya kwanza ya ajali za floridi, ziache zote mbili. Hata kama unazo, jiulize NTf2 inashindwa nini ambacho PF6 inakiweza. Kwa kutoa dutu za kikaboni kwenye maji, NTf2 hupokea maji machache zaidi, hupotea kidogo zaidi ndani ya maji, na mnato wake ni kama moja ya tano. Inaishinda PF6 kwa yote isipokuwa bei.

Na NTf2 si malaika. Ina makundi ya CF3 ambayo mazingira hayana njia rahisi ya kuyavunja, kwa hiyo maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe kwenye sinki. Kusanya taka zake kwenye chupa yake.

Aseteti: chombo cha kazi nyingine kabisa

EMIM-OAc haishindani na hizo tatu. Inafanya kisichowezekana kwao. Anioni ya aseteti ina chaji iliyobanana kwenye oksijeni mbili na inashika haidrojeni kwa nguvu. Selulosi haiyeyuki kwenye maji wala kwenye viyeyushi vya kawaida kwa sababu minyororo yake imefungamana kwa vifungo vya haidrojeni vingi mno. Aseteti huvifungua kimoja kimoja kwa kujipachika yenyewe. Mwaka 2002 kundi lilelile la Alabama lilionesha kwamba BMIM kloridi huyeyusha selulosi, asilimia 10 kwa kupasha kawaida na hadi 25 kwa mawimbi ya mikrowevu. Aseteti ina faida juu ya kloridi hiyo: ni kimiminika tayari kwenye joto la chumba. Kwa anayefikiria nyuzi za mkonge wa Tanga, bua za mahindi au masalia ya miwa, hapa ndipo pa kuanzia. Finlandi wamekwenda mbali zaidi. Kwenye mradi wa Ioncell wa Chuo Kikuu cha Aalto wanasokota nyuzi za nguo kutoka rojo la mbao kwa kutumia chumvi nyingine ya aseteti.

Nguvu hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Maji hushindania nafasi ileile kwenye aseteti. Maji ya asilimia 10 kwa uzito tayari ni molekuli moja kwa kila jozi ya ioni, na ukiongeza zaidi selulosi inaanza kurudi kuwa kigumu. Hilo unalitaka wakati wa kuivuna selulosi yako, kwani unamimina maji tu inaganda. Shida inafuata baadaye, unapotaka kukirudisha kimiminika. Unapaswa kuvukiza maji mengi, na kila kilo ya maji inadai zaidi ya megajuli 2. Maji ya mwisho ndiyo magumu kuliko yote kwa sababu yameshikwa. Kigezo cha utendaji cha maji hayo, yaani kipimo cha hamu yake ya kutoroka ikilinganishwa na mchanganyiko usio na mvutano wa pekee, kiko chini sana ya moja. Ukiongeza joto ili kuyafukuza, aseteti inaanza kuharibika, kwani uvumilivu wake unaishia karibu nyuzi 200 na ukiipasha muda mrefu hata chini ya hapo. Mradi wa selulosi ambao haujahesabu nishati ya kukausha bado haujahesabiwa.

Kwa mantiki hiyohiyo, EMIM-OAc ni msaidizi mzuri wa kukeneka ethanoli. Ethanoli na maji hukwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, kwa kuwa hapo mvuke na kimiminika vina mchanganyiko uleule. Aseteti huyakamata maji yabaki chini, ethanoli ikapanda peke yake. BF4 hufanya hivyo kwa udhaifu, na NTf2 haifai kabisa kwa kazi hii.

Gesi: angalia unapima kwa kipimo gani

Kwenye kigezo cha Henry, namba ndogo maana yake gesi inaingia zaidi. Kwa hiyo kwa kabonidayoksaidi NTf2 inaongoza kwa bar 33, PF6 53, BF4 59. Makala nyingi huishia hapo na kuitangaza NTf2 mshindi. Lakini kigezo hicho ni kwa kila moli ya kimiminika, na moli ya NTf2 ina uzito wa karibu mara mbili ya moli ya BF4. Badilisha iwe kwa kilo, kwenye bar 1: BF4 inabeba moli 0.076, NTf2 0.075, PF6 0.068. Mshindi amebadilika, ingawa kwa unywele tu. Badilisha tena iwe kwa lita, maana mitambo hupimwa kwa ujazo: NTf2 inarudi mbele kwa moli 0.107, na hizo mbili zinakaribiana kwenye 0.092 hivi. Maji ya kawaida, ambayo hayana bei, hubeba karibu 0.034 kwa kilo. Faida ya vimiminika hivi kwenye bar 1 ni mara mbili hadi tatu tu ya maji, na ni vema kujua hilo kabla ya kuandika ombi la fedha za mradi. Penye kanieneo kubwa ndipo vinapong'aa.

Aseteti haifuati sheria hii. Inamenyuka na kabonidayoksaidi, kwa hiyo kwenye bar 1 sehemu ya moli inafika karibu robo, yaani kama moli 2 kwa kilo. Gharama yake ni joto la kuiachisha gesi. Kwenye uyeyushaji wa kawaida, kama ule wa NTf2, joto hilo ni kama kJ 12 hadi 16 kwa moli, na kupunguza kanieneo kunatosha kuitoa gesi. Penye mmenyuko, lazima upashe. Chagua NTf2 kama gesi yako ina kanieneo kubwa tangu mwanzo, chagua aseteti kama ni hafifu na unalo joto la ziada.

Kuhusu mvuke, madai ya "haivukizi" yalirekebishwa mwaka 2006, Martyn Earle, Kenneth Seddon na wenzao walipokeneka vimiminika vya familia ya NTf2 kwenye ombwe, kati ya nyuzi 200 na 300. Enthalpi ya kuvukiza ni karibu kJ 135 kwa moli, dhidi ya 44 ya maji, ndiyo maana kwenye joto la chumba huoni kitu. Aseteti usijaribu kuikeneka.

Modeli gani ya kukokotoa

Si kila mtu ana vifaa vya kupima. Nadharia ya zamani ya Debye na Hückel ya 1923 haifai hapa. Ilitungwa kwa ioni chache zilizotawanyika ndani ya kiyeyushi, nasi tuna ioni tupu. Zinazotumika zaidi ni tatu, na kila moja ina kazi yake.

NRTL ya Henri Renon na John Prausnitz, 1968, ni ya mtu mwenye data. Inahitaji vigezo vitatu kwa kila jozi ya dutu, unavitoa kwenye vipimo, na inapatana navyo vizuri. Nje ya joto ulilopimia usiiamini. Haikuambii chochote juu ya kimiminika ambacho hakijapimwa.

COSMO-RS ya Andreas Klamt, 1995, ni ya mtu asiye na data. Inachukua mtandazo wa chaji juu ya uso wa kila ioni, uliokokotolewa kwa kemia ya kwanta, na kutoka hapo inakisia mvutano wake na maji, ethanoli au benzeni. Una kationi 50 na anioni 40 na unataka kujua zipi zitatengana na maji? Hii ndiyo njia. Naiamini kwa mpangilio, yaani ipi inazidi ipi, kuliko kwa namba zenyewe. Angalia pia inavyohesabu moli: kationi na anioni zinaweza kuhesabiwa kuwa chembe mbili, na ukisahau kubadilisha, mchoro wako wote utasogea pembeni.

PC-SAFT ya Joachim Gross na Gabriele Sadowski, 2001, ichukue kama kazi yako ni gesi na kanieneo kubwa. Inatoa msongamano na uyeyukaji kwa pamoja, ambavyo NRTL haiwezi.

Data za kulinganishia zipo bure. Taasisi ya NIST ya Marekani inaendesha hifadhidata ya ILThermo kwenye intaneti, na IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, iliteua HMIM-NTf2 kuwa kimiminika cha rejea kilichopimwa na maabara kadhaa, matokeo yakachapishwa 2009. Ukinunua hicho, unaweza kujua kama kipimo chako cha mnato kina kasoro au la.

Fedha ikiwa haitoshi

Kolini kloridi huyeyuka karibu nyuzi 302, urea 133. Changanya moli moja ya kwanza na mbili za pili, pasha hadi nyuzi 80, na unapata kimiminika kisicho na rangi wala fuwele. Andrew Abbott na wenzake walikieleza mwaka 2003, wakataja joto la kuganda la nyuzi 12. Vipimo vya baadaye vya sampuli zilizokaushwa kwa bidii vinapata juu zaidi, karibu 25 au zaidi, maana maji machache yanatosha kuishusha. Urea ipo kila duka la mbolea, ingawa ya maabara ni safi zaidi, na kolini kloridi hutumika kwenye vyakula vya kuku. Mnato wake ni mzito, mamia ya mPa·s, kwa hiyo pampu itataka joto au maji kidogo. Kwa kupaka metali, kuyeyusha oksidi, na kufundisha darasa mchoro wa yutektiki (mchanganyiko unaoyeyuka chini ya joto la kila kiungo chake) kwa mikono yao wenyewe, sioni kinachoishinda kwa bei hiyo. Haitafaa kutoa kitu ndani ya maji, kwa sababu inayeyuka humo yote.

Chochote utakachochagua, pima maji yake kwa njia ya Karl Fischer siku uliyofungua chupa na siku ya kipimo, na uandike zote mbili kando ya matokeo yako. Pima na kloridi iliyobaki tangu utengenezaji, kwani kiasi kidogo tu hupandisha mnato.